Picha Isiyochuja

Mwaka 1947, katika mgodi wa Mwadui, jirani kabisa na hapa kwetu Maganzo, ilipatikana almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54 na nusu. Mwenye mgodi, Mkanada John Williamson, akaamua kumzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, ambaye harusi yake ilifungwa London tarehe 20 Novemba mwaka huo huo. Jiwe likakatwa na kusuguliwa, likabaki karati 23.6, na mwaka 1953 mafundi wa Cartier wakaliweka katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua. Hadithi hii hapa kwetu husimuliwa vijiweni kwa sauti ya kujidai kidogo, kama kadi ya mwaliko inayoonyesha kwamba na sisi tulikuwemo.

Sasa sikiliza kichekesho chake. Picha za harusi ile zinazojulikana zaidi ni za nyeusi na nyeupe. Hata kama bibi harusi angelivaa lile jiwe, uwaridi wake usingeonekana. Lingekuwa kokoto la kijivu linalometameta. Na wala hakulivaa, kwa sababu pambo lenyewe lilikuwa halijatengenezwa. Kwa hiyo kitu kilichotoka kwetu hakimo kwenye picha za harusi hiyo. Tena ni mwaka huo huo wa 1947 ambapo kule Marekani mwandishi wa matangazo, Frances Gerety, aliwatungia De Beers yale maneno machache ya kuwaambia wachumba kwamba almasi ni ya milele. Umilele ukaingia dukani, ukabandikwa bei.

Najua msomaji unaguna: nimekuahidi picha, nakupa mawe. Lakini neno linalouza ni lile lile. Hebu sikiliza jinsi wapiga picha wa harusi wanavyojitangaza siku hizi, kuanzia Kahama hadi Geita: kumbukumbu ya milele, picha zisizopitwa na wakati, siku isiyosahaulika. Picha nzuri tu haitoshi, sharti iwe ya milele. Na kamati ya harusi inachanga, inalipa.

Basi mimi nauliza swali la kishamba. Ni kitu gani hasa kinachoifanya picha ya harusi isichuje? Neno kuchuja nimelichagua makusudi. Kanga huchuja ikifuliwa sana. Mwanamuziki huchuja mashabiki wakimchoka. Picha nayo huchuja kwa namna zote mbili, kwa rangi na kwa mvuto, na namna hizi mbili haziendi pamoja hata kidogo. Ipo picha ambayo rangi zake bado zinawaka kama jana na hakuna anayeitazama mara mbili. Ipo nyingine imekuwa ya manjano, kona moja imeliwa na mchwa, na kila mgeni akiingia sebuleni inapokezanwa mkono kwa mkono mpaka soda zinapoa moto.

Wengi katika kazi hii watakupa jibu moja: ondoa kila kitu chenye tarehe. Usimsimamishe bibi harusi mbele ya ukuta uliopakwa rangi za kampuni ya simu, maana kampuni itabadili jina. (Hapo hawakosei. Celtel ilikuwa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel, na Tigo nayo mwaka 2024 imekuwa Yas. Kuta zetu zimepakwa upya mara ngapi?) Usiruhusu mtindo wa nywele wa msimu. Tafuta mti, au ziwa, au ukuta mtupu. Shela jeupe, suti nyeusi. Ukimaliza, geuza picha iwe nyeusi na nyeupe, basi, umeshaikimbia saa.

Hoja hii inasikika vizuri mpaka uishike mkononi. Shela jeupe lina tarehe. Malkia Victoria alilivaa tarehe 10 Februari 1840, na mtindo ukasambaa kutoka kwake. Kabla ya hapo mabibi harusi wengi wa Ulaya walivaa gauni lao zuri kuliko yote, la rangi yoyote ile. Upigaji picha ulikuwa umetangazwa kwa dunia mwaka uliotangulia tu, 1839, kwa hiyo harusi hiyo iliyotuletea shela haikupata hata picha moja. Na bibi zetu Usukumani walikuwa wakiolewa kwa ng'ombe na ngoma pasipo kumjua Victoria ni nani.

Nyeusi na nyeupe nayo? Hiyo ni habari ya madini, na sisi watu wa machimbo tungepaswa kuijua kabla ya wengine. Picha ya zamani ya nyeusi na nyeupe imetengenezwa kwa chembe za fedha, fedha yenyewe ile ya kuchimbwa, zilizoshikwa ndani ya utando mwembamba juu ya karatasi. Ikisafishwa vizuri na kuoshwa vizuri, inakaa miaka mingi sana. Picha ya rangi ya miaka ya sabini na themanini imetengenezwa kwa dawa za rangi, na dawa hizo hazifi kwa pamoja: hata ndani ya albamu, gizani, ile ya kibuluu ndiyo hutangulia, picha ikabaki na wekundu-wekundu. Ndiyo maana picha za babu zinaonekana imara na picha za baba zinaonekana kama zimepigwa wakati wa moto wa nyika. Tukadhani ni hekima ya zamani, kumbe ni fedha. Kijana anayebonyeza simu yake kuigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe hapati chembe hata moja ya hiyo fedha. Anaazima heshima ya wazee, anairudisha kesho.

Kama kuna vazi la harusi katika nchi hii linalostahili kuitwa lisilochuja, kura yangu naipeleka Pwani, kwa kanga ya kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambayo mabibi harusi wa Kiswahili wamevishwa vizazi kwa vizazi. Haikudumu kwa sababu haina wakati wala kwao. Ukiiona tu unajua ni wapi na ni ya nani. Imedumu kwa sababu mama amemvisha binti, na binti akaja kumvisha wa kwake, na kila mmoja alimkumbuka aliyemvisha.

Huko huko Pwani, Mji Mkongwe wa Zanzibar, iko Capital Art Studio, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza na baadaye kuendelezwa na mwanawe Rohit. Mombasa nako kulikuwa na studio ya N. V. Parekh, iliyopiga picha za wachumba na familia kuanzia miaka ya arobaini. Picha hizo za nyeusi na nyeupe zimekuja kuwavuta watu ambao hawakuwajua hata mmoja wa waliomo. Jiulize jicho linakwenda wapi. Linakwenda kwenye kola ya shati iliyopanuka kama mbawa za kunguru. Kwenye viatu. Kwenye njia ya nywele iliyochanwa upande kwa kitana kilicholowa maji. Kwenye mkono ulioinuliwa kidogo ili saa ionekane. Yaani jicho linafuata vile vile vitu ambavyo wataalamu wanatuambia tuviondoe.

Nyumbani kwa shangazi yangu, hapa hapa Maganzo, iko picha ya harusi yake ya mwaka 1988. Ni ya rangi, na imekuwa nyekundu kama nilivyosema. Bibi harusi ameshika maua ya plastiki. Bwana harusi amepiga pamba, suti ya kuazima, mabega yanaonyesha ilikuwa ya mtu mnene. Kuna kreti la soda limepangwa mbele kama timu ya mpira. Juu ya stuli imekalishwa redio kaseti, peke yake, kama mgeni rasmi. Mtoto mmoja yuko peku na amevaa sare ya shule, maana ndiyo iliyokuwa nguo yake ya kutokea. Na pembeni kabisa, kulia, kuna nusu mtu: bega moja, mkono mmoja, nusu ya kofia. Filamu ilikuwa ya picha 36, mpiga picha hakuwa na ya kuchezea. Alihesabu, akabonyeza, akahamia kwa wapishi.

Shangazi akiitoa picha hiyo, hakuna hata mara moja amesema tazama nilivyopendeza. Anataja majina. Anaanzia kushoto, kidole kikitembea juu ya karatasi, huyu mtoto wa fulani, huyu alikuwa akicheza bugobogobo mpaka vumbi linapanda mabegani, huyu alihamia Geita kwenye dhahabu. Kwa wanne au watano kidole kinasimama kidogo, kisha anasema marehemu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na miaka iliyofuata ilizipitia albamu za Kanda ya Ziwa kama mtu anayefuta ubao. Anafika mwisho, kwenye lile bega. Huyu, anasema, ndiye aliyekamilisha ng'ombe wa mahari. Bila yeye harusi isingekuwepo. Nusu yake iko nje ya karatasi.

Hapo ndipo nilipoanza kuamini kwamba tumeshika mkia tukidhani ni kichwa. Picha inadumu pale inapoushika wakati wake barabara, na pembeni yake kukawa na mtu wa kuutaja. Kreti la soda likiondoka, na kidole kinakosa pa kutua.

Mwenzangu mmoja katika kundi letu la waandishi alinibishia. Akasema: hayo ni mapenzi ya zamani tu, bwana, miaka thelathini ikipita hata picha mbovu inageuka lulu, subiri uone hizi za simu. Ana nusu ya ukweli. Muda ni tajiri, humpa kila mtu zawadi. Lakini mtu asiye na mikono ataipokeaje? Picha ya wawili mbele ya ukuta mweupe, nyuma kumefifishwa mpaka hakuna kitu, uso umelainishwa mpaka hauna kovu, muda utaishika wapi? Baada ya miaka thelathini itakuwa vile vile ilivyo leo, picha ya watu wawili wanaoweza kuwa wowote.

Na sisi tunaoandika tusicheke wapiga picha. Mara ngapi umesoma hadithi ya kijana mwenzetu inayoanza na "katika mji fulani, wa nchi fulani"? Anaogopa kutaja Ibadakuli asije akaonekana mshamba, anaogopa kutaja nauli isije ikapanda. Hadithi inatoka safi, imenyooka, na haina mwenyewe.

Turudi harusini, maana kuna jambo zito zaidi ya urembo. Hapo zamani studio zilikuwa na mapazia ya kuchorwa. Miaka ya tisini, karibu na kivuko cha Likoni kule Mombasa, vibanda vya wapiga picha vilikuwa na ndege, meli na miji ya maghorofa. Mtu aliyevuka kwa miguu akitoka kutafuta kibarua alipigwa picha akipanda ndege. Uongo mtupu, sivyo? Suti ya kuazima ya mjomba nayo ni uongo. Kama nadai picha iwe na ukweli wa wakati wake, je, nayapiga marufuku mapazia?

Hapana, na nitakuambia kwa nini. Pazia la ndege halimdanganyi mtu. Mikunjo yake inaonekana, chini sakafu ya saruji inaonekana, na anayetazama anajua kabisa: huyu jamaa alitamani kupanda ndege. Ndoto ni sehemu ya tarehe. Ni ukweli kwamba mwaka ule, katika mji ule, watu waliota ndege, kama bwana harusi wa 1988 alivyoota kuwa mtu mwenye suti yake. Uongo wa pazia unaongeza mtu ndani ya picha: yule aliyepo, na yule anayetamaniwa. Uongo ninaouogopa ni ule unaopunguza.

Chukua rangi ya ngozi. Kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kutumia picha ya mwanamke Mzungu. Kodak walikuwa na kadi hizo za kupimia, zikaitwa Shirley. Filamu ikawa na akili ya kuzisoma nyuso nyeupe, na nyuso nyeusi zikawa shauri lako. Moja ya malalamiko yaliyosukuma mabadiliko yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti, ambao mbao na chokoleti zao hazikutoka vizuri pichani. Si sisi, msomaji. Chokoleti! Sasa mfikirie mpiga picha wa Shinyanga mjini, jua la saa nane, bibi harusi mweusi ti ndani ya shela jeupe pe. Akipima mwanga kwa shela, uso unakuwa mkaa, yamebaki macho na meno. Akipima kwa uso, shela linaungua, linakuwa wingu. Mafundi wetu walijifunza kuwahamishia maharusi kivulini, kuwageuza kidogo, kutumia ukuta wa chokaa uwarudishie mwanga usoni. Walipigana na filamu ili uso wa mtu utoke ulivyo. Mimi naiita hiyo kazi ya uadilifu, ingawa wenyewe waliiita kazi tu.

Leo simu inaisoma ngozi nyeusi vizuri kuliko wakati wowote, na ndio tunaitumia kuing'arisha. Bibi harusi wa Maganzo anaingia ukumbini na rangi yake, anatoka kwenye albamu ameiva kama papai. Hakuomba wakati wote. Mara nyingine programu yenyewe imeshaamua kabla hajasema. Mtoto wake atakayeirithi picha atatafuta pua ya bibi yake usoni pale, asiione, kwa sababu nayo ilichongwa kidogo. Zile filamu za zamani zilitudhulumu bila kutujua. Hii ya sasa tunajifanyia wenyewe, halafu tunachangishana kuilipia.

Kutoka hapo hadi kuondoa watu ni hatua moja. Wenye kazi hiyo wanajua maombi wanayoletewa: mtoe yule mzee aliyelewa, mtoe yule mama mwenye kandambili, mtoe mke mkubwa, mtoe shemeji tuliyegombana naye. Zamani walikatwa kwa mkasi na pengo likabaki, na pengo likasema kitu. Mtoto angeuliza, hapa alikuwa nani? Sasa kompyuta inajaza majani pale aliposimama, na swali halizaliwi.

Unaweza kusema harusi ni ya wenyewe, wana haki ya kuchagua wanavyokumbukwa. Nakubali, tena sana. Pwani kwenye sherehe za wanawake simu huzuiwa mlangoni, watu wamejipamba, wamefunua nywele, wamecheza, na hakuna picha itakayotoka humo. Hiyo ni haki na ni heshima. Lakini aliyekataa kupigwa picha hajamwondoa mwenzake mahali alipokuwa amesimama.

Na haya si mambo ya urembo peke yake. Katika miji ya machimbo kama hii yetu watu hukutana wakitokea kila upande, wanaanza maisha, wanazaa, ndoa rasmi inasubiri siku almasi itakapotoka. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi wakajulikana kama mume na mke, watachukuliwa kuwa wameoana mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wakajulikana. Na nani? Mume akifariki, ndugu wakafika na lori kuchukua mabati na kitanda, mwanamke anaingia chumbani kutafuta chochote chenye sura zao. Wakati huo ile picha ya wawili tu, ufukweni Mwanza, jua likizama, Jiwe la Bismarck kwa nyuma, haimsaidii kitu. Wawili kwenye machweo si ushahidi wa ndoa. Kinachomsaidia ni ile picha ya hovyo, iliyojaa watu, baba mkwe ameshika chupa ya soda na anacheka, kaka wa mume amebeba sufuria, na nyuma ya wote kalenda ukutani inaonyesha mwaka. Picha iliyo bora kwa ukutani inaweza kuwa bubu kwenye kikao cha mirathi.

Ila hoja yangu hii ina mwiba, na ni lazima niukanyage. Nimesifu picha inayoshika wakati wake. Je, kama wakati wenyewe ulikuwa mbaya? Mkoa wetu wa Shinyanga umetajwa miaka mingi kwa ndoa za utotoni. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba hapa asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Sheria hiyo hiyo ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na ilibidi Rebeca Gyumi aipeleke Serikali mahakamani; Mahakama Kuu ikampa ushindi Julai 2016, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana na hukumu hiyo Oktoba 2019. Kwa hiyo ndani ya albamu zetu nyingi, chini ya shela na poda, yumo mtoto. Ukiigeuza picha hiyo iwe nyeusi na nyeupe, ukafifisha nyuma, ukalainisha uso, unapata kitu kizuri ajabu: bibi harusi asiye na umri. Asiye na umri! Angalia jinsi neno hilo la sifa linavyogeuka kuwa kifuniko. Mwanga mzuri na pozi la heshima vinaweza kulifanya kosa lionekane desturi, na desturi ionekane asili.

Kwa hiyo picha yenye tarehe si lazima itufurahishe. Ile inayoonyesha mikono midogo iliyopotea ndani ya glavu nyeupe za mtu mzima, daftari kwenye dirisha, sura ya mtoto ambaye hajui aangalie wapi, picha hiyo haichuji, na sababu yake haina utamu. Mtu akiniuliza tuichome au tuitunze, nitasema aulizwe kwanza mwenyewe, yule aliye ndani ya glavu; wengi wako hai, ni mama zetu. Mwingine atasema chomeni. Mwingine atasema iwekeni, nataka binti yangu aione na aone nilikuwa na miaka mingapi. Wote wawili wana haki kuliko mimi ninayezungumza nadharia.

Novemba 2022 bwawa la matope la mgodi wa Mwadui lilipasuka, na matope yakaingia kwenye makazi ya watu na mashamba. Nyumba zikazama. Fidia ya nyumba na shamba ina namna ya kukokotolewa. Albamu iliyolowa matope sijui hukokotolewa vipi. Nalitaja hili kwa sababu kuna watu husema sasa tumepona, picha ziko kwenye simu, haziliwi na mchwa wala tope. Sawa. Harusi moja sasa inatoa picha elfu mbili. Zinarushwa kwenye kundi la WhatsApp la kamati, kundi linavunjwa baada ya deni la ukumbi kulipwa, simu inaibwa Kahama stendi, na katika zile elfu mbili hakuna hata moja iliyoandikwa jina la mtu. Mpiga picha wa 1988 na filamu yake ya 36 alitugongea mhuri wa studio nyuma ya kila karatasi, na mwaka. Alikuwa anatangaza biashara yake tu, lakini leo mhuri huo ndio unaotuambia siku.

Mwaka jana binamu yangu mmoja, kijana wa kompyuta, aliichukua ile picha ya shangazi akaipiga kwa simu. Akamwambia siku hizi kuna akili mnemba, inaweza kurudisha rangi zote, kuondoa yale madoa, na hata kumkamilisha yule mtu wa pembeni, itamjazia nusu iliyobaki na huwezi kujua. Akamwonyesha. Kweli, kwenye kioo cha simu alikuwepo mwanamume mzima, kofia kamili, anatabasamu, meno mazuri.

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu. Akauliza, "Huyu nani?"

"Si yule baba wa pembeni, Mama."

"Yule hakuwa na uso huu. Umempa uso wa nani?"

Binamu akacheka, akasema ni mashine tu imekisia. Shangazi akarudishiwa karatasi yake yenye wekundu na nusu mtu wake. Akaomba penseli ya mjukuu, akaigeuza picha, akaandika pale kwenye kona jina lote la yule mzee, la kwake, la baba yake na la babu yake, na chini yake akaongeza: mtamba mmoja, mweusi.